Nani Apande Kwanza

Katika fuo za Homa Bay, kuanzia Mbita hadi Kendu Bay, samaki wakipimwa asubuhi hakosi mtu mwenye daftari. Vikundi vya usimamizi wa fuo, ambavyo Kenya ilivitungia kanuni mwaka 2007, vina wajibu wa kuweka kumbukumbu za samaki wanaoshushwa, na njia nyepesi ya kuziweka ni jedwali: mashua zimeorodheshwa kwenda chini, siku zimepangwa kwenda kulia, na kila kisanduku kina kilo za mbuta za mashua fulani kwa siku fulani.

Tuseme jedwali lenyewe ni dogo, mashua tatu kwa siku nne. Mashua ya kwanza ilileta kilo 12, kesho yake 0, kisha 30, kisha 8. Ya pili ilileta 20, 15, 5 na 10. Ya tatu 9, 25, 0 na 16. Anayelisoma kwa safu mlalo, mashua baada ya mashua, anapata 50, 50 na 50: wavuvi watatu walioruzukiwa sawasawa, hakuna wa kumwonea mwenzake kijicho. Anayelisoma kwa safu wima, siku baada ya siku, anapata 41, 40, 35 na 34: ziwa linalopunguza mkono wake kila kukicha. Jumla ni 150 kwa vyovyote vile. Namba ni zilezile kumi na mbili, hakuna iliyoongezwa wala iliyofichwa, ila mmoja ameona usawa na mwingine ameona upungufu.

Mwanafunzi wa kompyuta, awe Chuo Kikuu cha Rongo kule Migori au Chuo Kikuu cha Tom Mboya mjini Homa Bay, hukutana na zoezi hili mapema. Anaambiwa aandike vitanzi viwili, yaani amri zinazojirudia, kimoja ndani ya kingine. Kitanzi cha nje kikishika mashua na cha ndani kikashika siku, kompyuta inapita mstari kwa mstari. Akivibadilishia nafasi, inapita siku kwa siku. Anaweza pia kuanzia kisanduku cha mwisho na kurudi nyuma, kukata mshazari kutoka pembe hadi pembe, au kwenda kulia kwenye mstari wa kwanza na kurejea kushoto kwenye wa pili, kama ng'ombe wa plau wanavyogeuka wakifika mwisho wa shamba. Njia ni nyingi, na jedwali halijasogea.

Ndani ya zoezi hilo la darasani kuna swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelibeba kwa karne nyingi. Mpangilio wa kuvipitia vitu ni sehemu ya ukweli wa vitu hivyo, au ni tabia tu ya anayepita? Na ikiwa njia mbili zinafikisha mahali pamoja, kuna haki gani ya kumlazimisha mtu afuate moja na kuiacha nyingine?

Abu Hamid al-Ghazali aliliuliza swali hilo kuhusu mbingu zenyewe. Katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, alichokiandika mwishoni mwa karne ya 11, aliwakumbusha kwamba wao husema tufe la juu kabisa huzunguka kutoka mashariki kwenda magharibi, na matufe yaliyo chini yake huzunguka kinyume. Kwa nini isiwe vingine? Lolote ambalo mzunguko huo unaleta lingeweza kuletwa na mzunguko wa upande wa pili. Jibu lake lilikuwa kwamba kuna kitu kinaitwa utashi, na kazi ya utashi ni kukitenga kitu na mfano wake pasipokuwa na tofauti. Akatoa mfano wa mtu mwenye hamu ya tende, mbele yake tende mbili zisizotofautiana kwa lolote, naye hawezi kuzichukua zote. Hatakaa na njaa akingoja sababu. Atachukua moja.

Ibn Rushd alimjibu katika karne iliyofuata, na jibu lake lina makali. Mtu yule, alisema, hakuipendelea tende hii kuliko ile. Alipendelea kula kuliko kutokula. Ama mizunguko ya mbingu, yeye hakukubali kwamba pande mbili hizo ni sawa: aliona kila mwendo una upande unaoufaa kwa asili yake. Kwa maneno mengine, mara nyingi mtu anaposema njia hizi ni sawa, anachomaanisha ni kwamba hajatazama vya kutosha.

Watengenezaji wa kompyuta wamempa Ibn Rushd ushahidi ambao hakuweza kuuota. Kumbukumbu ya kompyuta haina mistari na safu. Ni uzi mmoja mrefu wa nafasi zilizofuatana. Jedwali likiingizwa humo lazima likunjuliwe. Lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, hulikunjua kwa safu mlalo, mstari wa kwanza wote kisha wa pili. Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, hulikunjua kwa safu wima. Prosesa nayo haichukui namba moja moja: huvuta fungu zima, kwa kawaida baiti 64, yaani namba kamili 16 za baiti nne nne. Anayepita kwa mwelekeo ambao jedwali lilikunjuliwa anazitumia zote 16 kabla ya kurudi kuvuta. Anayepita kinyume, jedwali likiwa kubwa, anavuta fungu zima ili atumie namba moja, anarukia mbali, anavuta jingine. Jibu ni lilelile, lakini anaweza kungoja mara kadhaa zaidi, na hakuna chochote katika maandishi ya vitanzi vyake kinachomwonyesha sababu. Sababu iko chini, kwenye namna jedwali lilivyolazwa.

Hata jumla yenyewe si ya kuaminiwa hivihivi. Kompyuta ikiambiwa ijumlishe 0.1 na 0.2 kwanza, kisha iongeze 0.3, lugha nyingi zitaonyesha 0.6000000000000001. Ikianza na 0.2 na 0.3, kisha ikaongeza 0.1, itaonyesha 0.6. Kila hatua inakatwa ili itoshe katika nafasi iliyopo, na mahali pa kukata panategemea nani alitangulia. Sheria ambayo kila mtoto wa shule ya msingi anaijua, kwamba makundi ya kujumlisha hayabadilishi jumla, inashindwa mbele ya mashine yenye kikomo. Viumbe wenye kikomo, binadamu akiwamo, hawana budi kulitafakari jambo hilo.

Lakini mifano hii miwili ni ya gharama na ya usahihi. Kuna wa tatu unaogusa kiini. Chukua jedwali la visanduku vinne kwa vinne. Mstari wa juu na safu ya kushoto vimejazwa 1 kila mahali. Kanuni ni moja: kila kisanduku kingine ni jumla ya kilicho juu yake na kilicho kushoto kwake. Anayejaza kwa safu mlalo anafika pembe ya mwisho, chini kulia, na kukuta 20. Anayejaza kwa safu wima anakuta 20. Anayekwenda mshazari anakuta 20. Sasa aje mtu aanze na pembe ile ya mwisho, visanduku vingine vikiwa bado ni sifuri: anajumlisha sifuri na sifuri, anaandika 0, anaendelea nyuma. Hakukosea hesabu hata moja. Alifuata kanuni neno kwa neno, na jedwali lake ni uongo.

Hapo ndipo swali linapopata umbo. Njia tatu ziko sawa kabisa na ya nne ni batili, na kinachozitenga si desturi wala mazoea ya jicho. Kila kisanduku kinaegemea viwili vilivyotangulia, na njia yoyote inayoheshimu egemeo hilo ni halali. Anayesema njia ni moja tu amekosea, na anayesema zote ni sawa amekosea vilevile.

Kuta za Thimlich Ohinga zilijengwa kwa ukweli huo. Ngome hiyo ya mawe, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, iliyowekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, inakadiriwa kujengwa katika karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na hakuna tone la saruji wala udongo wa kushikanisha. Mawe hayakuchongwa, yaliokotwa palepale, yakapangwa uso wa nje na uso wa ndani, na katikati kukajazwa kokoto na vipande. Mjenzi aliweza kuzunguka boma kwa kulia au kwa kushoto, aanzie langoni au upande wa pili, na ukuta ungesimama. Hakuweza kuanza na jiwe la juu.

Karibu kila boma la Kijaluo lililopangwa kwa kufuata mila lina jedwali lake pia. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazama lango. Ya nyachira, mke wa pili, iko upande mmoja, na ya reru, wa tatu, upande mwingine. Msimu ukifika kuna golo kodhi, kutoa mbegu: mwenye boma na mikayi hupanda kwanza, kisha nyachira, kisha reru, halafu watoto wa kiume waliooa kwa kufuata kuzaliwa. Ukilichora kwenye karatasi, mwendo huo unaenda katikati, unavuka upande huu, unarudi upande ule. Kuvunja foleni hiyo kulihesabiwa kuwa kuvunja chike, sheria za ukoo, na kuliaminiwa kuleta chira: mtu au mtoto wake anakonda, anadhoofika, anakwisha. A. B. C. Ocholla-Ayayo aliyachambua mambo haya katika utafiti wake kuhusu itikadi na maadili ya Wajaluo wa kusini, uliochapishwa Uppsala mwaka 1976. Kabla yake Paul Mboya, mtu wa kanisa la Kiadventista aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, alizikusanya desturi hizo kwa Kijaluo katika kitabu chake cha mwaka 1938, Luo Kitgi gi Timbegi.

Mmisionari wa Kiadventista kutoka Kanada, Arthur Carscallen, alifika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906 akiwa na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka nchi ambayo sasa ni Malawi. Kanisa lililokua hapo lilizikataa chira na sadaka zake, lakini halikukataa mpangilio. Lilileta mwingine: siku sita za kazi na ya saba ya pumziko, Jumamosi, isiyobadilishwa na Jumapili. Msikiti wa Kendu Bay ulikuwa na wake: mistari ya Qurani inayosomwa kutoka kulia, na uso unaoelekezwa kaskazini, ukigeuka kidogo mashariki, iliko Makka. Muumini anayejaliwa kufika huko huizunguka Kaaba mara saba, Kaaba ikiwa kushotoni kwake, akianzia penye Jiwe Jeusi. Mwanahesabu atasema kwamba mizunguko saba ya upande wa pili ina urefu uleule. Muumini hatabishana naye kuhusu urefu. Anazunguka hivyo kwa sababu ameamrishwa, na Mtume wake alizunguka hivyo, na mwenye kugeuza hajatufu.

Kwa hiyo kuna mpangilio unaotokana na egemeo la vitu, kama jiwe juu ya jiwe, na kuna mpangilio unaotokana na ahadi: kati ya mja na Mola wake, au kati ya wake watatu wanaoishi ndani ya lango moja. Huu wa pili si mchezo wala ushamba. Mikayi alikuja wakati boma halina kitu. Kupanda kwanza ni namna ya kusema, kila mwaka, mbele ya wote, kwamba jambo hilo halijasahauliwa. Mahindi hayajui nani alitangulia. Nyachira anajua, na watoto wanaotazama wanajifunza. Mtaalamu wa kilimo akithibitisha kwamba mavuno ni yaleyale kwa mpangilio wowote, amesema kweli na hajamfungua mtu yeyote katika ahadi yake, kama vile jumla ya 150 haimfungui karani wajibu wa kuonyesha kila mashua ilipata nini.

Hatari inakuja mpangilio wa ahadi unapochukuliwa kuwa mpangilio wa visababishi. Eneo hili lililipia kosa hilo kwa maisha ya watu. Ukimwi ulipoenea kando ya Ziwa Victoria, dalili zake zilifanana mno na chira: kukonda, kuharisha, watoto kufa, mke kumfuata mume kaburini. Familia nyingi zilirudi nyuma kutafuta ni nani aliyepanda kabla ya zamu yake, ni nani aliyejenga kabla ya kaka yake, na muda ukapita. Madaktari Wasio na Mipaka walianza kazi Homa Bay mwaka 1996, na mwaka 2001 wakaanza kutoa dawa za kupunguza makali ya virusi bila malipo katika hospitali ya umma ya mji huo. Dawa zile zilikuwa na mpangilio wao, saa kwa saa, siku kwa siku, na mpangilio huo ulikuwa wa egemeo: dozi zikirukwarukwa, virusi vinajifunza kuishi pamoja na dawa. Mgonjwa aliyekuwa akihesabu zamu za kupanda alitakiwa aanze kuhesabu vidonge. Hakuna aliyestahili kudharauliwa kwa kuchanganya hesabu hizo mbili. Lakini ilibidi zitenganishwe, na kila mhudumu wa afya wa kijiji aliyekaa chini ya mti akazitenganisha kwa upole, bila kuwatukana wazee, alifanya kazi ya falsafa iliyookoa maisha.

John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na mwanazuoni kutoka Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa fikra za Kiafrika wakati huenda nyuma: kutoka Sasa kuelekea Zamani, na wakati ujao ulio mbali karibu haupo. Aliyatumia maneno hayohayo ya Kiswahili katika kitabu chake cha Kiingereza. Ingekuwa hivyo, maisha yangekuwa kitanzi kinachopita visanduku kwa kurudi. Mghana Kwame Gyekye alimpinga kwa ushahidi wa Waakan, na golo kodhi nayo inatosha kumpinga kwa ushahidi wa Wajaluo. Mbiti alikubali miezi michache ijayo, hadi mavuno, kwa sababu iko ndani ya Sasa. Lakini foleni ya kupanda inahusu mtoto wa nne ambaye bado hajaoa, na mke ambaye bado hajaletwa. Nafasi zao zimekwisha kupangwa. Huo ni wakati ujao ulio mbali, na watu wanaishi kwa kuutegemea.

Hata hivyo kurudi nyuma kuna siku yake. Karani wa ufuo akitaka kufuta kutoka orodha ya kompyuta mashua zisizo na leseni, na zisizo na leseni ni ya pili na ya tatu, akianzia juu ataifuta ya pili. Papo hapo ya tatu inapanda kushika nafasi ya pili, kitanzi kinasonga kwenda nafasi ya tatu, na mashua moja isiyo na leseni imeponyoka. Akianzia mwisho kwenda mwanzo, hakuna inayoponyoka, kwa kuwa zinazosogea ni zile alizokwisha kuzikagua. Anayeongeza na anayeondoa hawapaswi kutembea upande mmoja. Kanuni hiyo ingewafaa hata wanaorekebisha mila: kuna desturi ambazo, ukiiondoa ya msingi kwanza, zilizo juu yake zinateleza na kujificha katika nafasi yake bila mtu kuzipima.

Siku hizi mpangilio wa boma unajaribiwa na jambo ambalo wahenga hawakulipanga. Mikayi anafanya kazi Nairobi au Kisumu. Mvua za masika zinaanza mwezi Machi, udongo umelowa, nyachira ana mbegu mkononi naye anangoja. Watunzi wa programu wanalijua tatizo hili na wanaliita mkwamo: kisanduku kimoja hakijajazwa, na vyote vinavyokiegemea vimesimama. Dawa yao mojawapo inapatikana katika lile jedwali la nne kwa nne. Visanduku vya kujaza ni tisa, na anayevijaza peke yake anahitaji hatua tisa. Lakini kati ya mistari mitatu ya kujaza, wa pili hauhitaji wa kwanza umalizike; ili uanze unahitaji kisanduku kimoja tu cha juu yake kiwe kimejazwa. Watatu wakifanya kazi pamoja, kila mmoja na mstari wake, wa pili akianza mara wa kwanza anapopiga hatua moja, kazi inakwenda mshazari na kwisha kwa hatua tano. Heshima ya mpangilio haijavunjwa hata mara moja.

Golo kodhi nayo ni mwanzo wa kupanda, si kupanda kote. Mikayi hatakiwi kumaliza shamba ndipo nyachira aanze. Mistari yake michache inatosha kufungua zamu, na basi la usiku la kurudi Nairobi halitamsubiri zaidi ya hapo. Ugumu unaobaki ni wa kisanduku kisichoweza kujazwa kabisa: mikayi aliyefariki kabla ya msimu, au aliyeokoka akakataa kushika mbegu kwa ajili ya zamu ya mtu yeyote. Hapo hakuna kitanzi kitakachojibu. Ni lazima ukoo ukae na kuamua kama nafasi ya kwanza ni ya mtu yule au ni ya nyumba ile, na uamuzi wa kikao cha Karachuonyo si lazima ulingane na ule wa Suna, kule Migori.